Mkia Unapotangulia Pua: Kusahihisha Mpindo-Zidi wa Magari ya Mbio za Ridhaa katika Ukanda wa Busia na Tororo

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna gari la mbio linavyopoteza mshiko wa magurudumu ya nyuma likiwa katika kona, na namna dereva anavyoweza kulirejesha katika njia yake. Mazingira yanayozingatiwa ni barabara za changarawe za mpaka wa Uganda na Kenya, hususan gombolola ya Sikuda wilayani Busia na maeneo jirani ya Tororo. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya hatari imo katika lugha. Maelekezo yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno yanaweza kumfanya mwanafunzi apinde usukani upande usiofaa, na maneno yanayotumiwa kutaarifu ajali hayabainishi ni ncha ipi ya gari iliyoteleza kwanza. Makala yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili na kuonyesha matumizi yake katika mafunzo ya udereva na katika uchunguzi wa ajali.

Utangulizi

Mashindano ya magari ya masafa marefu ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yakiadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilikata Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengi wa walioshiriki walikuwa watu wa ridhaa waliotumia magari ya kawaida, jinsi yalivyouzwa madukani. Jina likabadilishwa kuwa East African Safari mwaka 1960, kisha Safari Rally mwaka 1974. Mashindano hayo yaliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, yakaondolewa baada ya 2002, na kurejea mwaka 2021 kituo chake kikiwa Naivasha.

Historia hiyo ina uzito wake katika mada hii. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake iliondoka nchini humo mwaka 1972 chini ya utawala wa Idi Amin, alishinda Safari mara 5: mwaka 1973 akiendesha Datsun 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiendesha Datsun (Nissan) Violet. Yote mawili ni magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na gari la aina hiyo likipewa nguvu juu ya changarawe hutoa mkia kwa urahisi mno. Kuudhibiti mkia huo ulikuwa ujuzi wa kila siku wa kizazi kile. Leo magari yanayoonekana zaidi katika mbio za ridhaa za Kenya na Uganda ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote 4. Magari haya husamehe mengi, ila yakiacha kusamehe huwa tayari yamo katika mwendo mkubwa zaidi.

Gombolola ya Sikuda imo katika Wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda. Kusini yake uko mji wa Busia, uliogawanyika baina ya nchi mbili, ambao kituo chake cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Upande wa kaskazini iko Tororo na kituo cha Malaba. Dereva wa Kenya anayepeleka gari kushindana katika Pearl of Africa Rally, au wa Uganda anayekwenda kushindana Kenya, kwa kawaida hulivusha gari lake katika moja ya vituo hivi viwili. Barabara kuu zinazofika mpakani ni za lami na zimejaa malori. Zile zinazounganisha vijiji ni za udongo mwekundu na changarawe, zenye mgongo katikati na mitaro pembeni, ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi na za kuteleza kama sabuni wakati wa mvua za Machi hadi Mei.

Kuna tofauti moja ya kisheria ambayo washauri wa sera hawana budi kuikumbuka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, iliweka mpaka wa miaka 15. Hivyo barabara moja inayopita chini ya lango moja hubeba magari ya vizazi viwili vya teknolojia, na tofauti hiyo hugusa moja kwa moja suala la mkia wa gari, kama itakavyoonekana.

Mshiko na namna unavyopotea

Tairi likiwa katika kona haliendi hasa kule linakoelekezwa. Huelekea upande mmoja na kusogea kidogo upande mwingine. Tofauti kati ya mielekeo hiyo miwili inaitwa hapa pembe ya mtelezo, nayo si kasoro, kwani ndiyo inayozalisha kani ya kulivuta gari kuelekea ndani ya kona. Juu ya lami kavu tairi la kawaida hufikia kilele cha mshiko likiwa na pembe ya digrii chache tu. Likipita hapo kani haiongezeki tena, bali huanza kupungua. Juu ya changarawe kilele hicho ni butu na kiko mbali zaidi, kwa sababu tairi linalokwenda ubavu hulimbikiza kokoto kando yake na kuziegemea. Kwa hiyo dereva mzoefu wa changarawe huingia kona gari likiwa mshazari na haoni ajabu. Yumo bado ndani ya mshiko wake.

Pembe ya mtelezo ya magurudumu ya nyuma ikizidi ile ya mbele, mkia hutoka nje ya kona na pua huingia ndani kuliko dereva alivyoagiza. Hali hii ndiyo mpindo-zidi. Ya mbele ikizidi ya nyuma, pua hutoka nje na gari hukataa kona. Huo ni mpindo-pungufu. Wenye mchezo wenyewe husema ovastia na andastia, na hakuna ubaya wakiendelea kusema hivyo, ila maneno hayo hayamfunulii mwanafunzi lolote kuhusu kinachotokea. Tofauti baina ya hali hizi mbili ni kubwa. Mpindo-pungufu hutulia dereva akipunguza mwendo. Mpindo-zidi hujilisha wenyewe, kwani kadiri mkia unavyotoka ndivyo pembe yake ya mtelezo inavyokua, na kadiri inavyokua kupita kilele ndivyo mshiko unavyopungua.

Tarakimu chache zitasaidia. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, juu ya lami kavu yenye kizigeu cha msuguano cha 0.9, inaweza kukatwa kwa takriban kilomita 76 kwa saa kabla mshiko haujaisha. Kona hiyohiyo juu ya changarawe, kizigeu kikiwa 0.5, inakubali takriban kilomita 56 tu. Dereva anayetoka kwenye lami ya barabara kuu na kuingia njia ya kijijini amepoteza kilomita 20 za akiba yake bila alama yoyote kumwonya.

Mwendo ni sehemu tu ya habari. Lenye uzito zaidi ni namna mzigo unavyohama. Tuchukulie gari la kilo 1,300, lenye mita 2.52 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita juu ya ardhi, na asilimia 40 ya uzito ikiwa imebebwa na ekseli ya nyuma. Likiwa limesimama, ekseli hiyo hubeba takriban nyutoni 5,100. Dereva akifunga breki kiasi cha kupunguza mwendo kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde, nyutoni zipatazo 1,030 huhama kutoka nyuma kwenda mbele. Moja ya tano ya mzigo uliokuwa ukiyakandamiza matairi ya nyuma imeondoka, na kwa kiasi kikubwa mshiko umeondoka nao. Hata asipogusa breki, akiinua tu mguu ghafla kutoka kwenye mafuta akiwa katika gia ya chini, injini yenyewe hulivuta gari nyuma na kuhamisha labda nusu ya kiasi hicho. Katika kona ambayo matairi ya nyuma yalikuwa tayari yanatumia karibu mshiko wote, hiyo nusu inatosha kuutoa mkia.

Njia za kufikia mpindo-zidi basi ni kadhaa, na dereva anapaswa kuzitofautisha kwa sababu dawa zake hazifanani. Ipo ya nguvu: magurudumu ya nyuma yanapewa kani kubwa ya kusukuma, na kwa kuwa tairi lina kiasi kimoja tu cha mshiko cha kugawa kati ya kusukuma na kukata kona, hukosa wa kukatia kona. Ipo ya kuinua mguu, iliyokwisha kuelezwa, ambayo hulipata hata gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Ipo ya breki, hasa breki ya mkono. Na ipo ya barabara yenyewe. Katika njia za mpakani hii ya mwisho ina sura yake ya pekee: barabara huwa na mgongo, na mkia ukiuvuka mgongo huo huanza kuteremka mteremko mdogo kuelekea mtaroni, kwa hiyo mvutano wa ardhi huongeza kile ambacho dereva anajaribu kukipunguza. Kokoto ndogo zilizosukumwa pembeni na magurudumu ya malori hulala huko kama gololi.

Hali ya gari nayo huchangia. Mara nyingi mwenye gari akipata fedha za matairi mawili tu huyafunga mbele, akiamini kwamba mbele ndiko kwenye usukani na breki nyingi. Watengenezaji wa matairi hushauri kinyume: matairi yenye kashata nzima yafungwe nyuma, ili ikiwa lazima ncha moja iteleze, iwe ile ambayo dereva anaiona na kuielewa. Shokapu zilizochoka za nyuma huliacha gurudumu lirukeruke juu ya mawimbi ya barabara, na tairi lililo hewani halina mshiko wowote. Mafundi wa gereji za Busia hawahitaji kuambiwa hili. Anayehitaji kuambiwa ni yule anayenunua rimu mpya kabla ya shokapu.

Kuukinga mkia

Kitendo cha kwanza cha kusahihisha mpindo-zidi ni kupinda usukani kuelekea upande ambako mkia umekwenda. Makala haya yanakiita kukinga mkia. Katika kona ya kulia mkia hutoka kushoto, pua huelekea kulia mno, na usukani hupindwa kushoto. Kwa njia hiyo magurudumu ya mbele huelekezwa tena kwenye njia ambayo gari linapaswa kuifuata, na kani yake ya ubavu huacha kuisukuma pua ndani ya kona. Mengine yote, yaani miguu, macho na muda, yapo kwa ajili ya kukifanikisha kitendo hiki.

Muda ni mfupi. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Nusu sekunde ya kusita ni mita 12 na nusu, na njia nyingi za vijijini hazina upana wa nusu ya hizo. Dereva anayesubiri kuona pua ikihama amekwisha kuchelewa. Mzoefu husikia mkia kupitia kiti, katika kiuno chake, kabla macho hayajapata habari. Hii ni sababu mojawapo ya kufunga mkanda wa mbio kwa kukaza sana, maana mwili unaoyumba kitini hauwezi kupima mwendo wa gari.

Macho nayo yana kazi. Mikono hufuata macho, na anayeutazama mti huufikia mti. Dereva hufundishwa kugeuza kichwa na kuangalia njia anayotaka kuipita hata kama kwa wakati huo njia hiyo inaonekana kupitia dirisha la ubavuni. Jiometria ya magurudumu ya mbele humsaidia: kwa jinsi magari yanavyoundwa, magurudumu hayo yakiachiwa hupenda kujielekeza kule gari linakokwenda hasa. Usukani ukiachwa uteleze kidogo ndani ya viganja, utaanza wenyewe kujipinda kuelekea upande sahihi. Anayeung'ang'ania kwa hofu huizuia msaada hiyo ya bure.

Kuhusu mguu wa kulia, hakuna agizo moja linalofaa magari yote, na hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapoua. Katika gari la kusukumwa nyuma ambalo limetoa mkia kwa nguvu nyingi, mafuta yapunguzwe taratibu. Yakikatwa ghafla, mzigo huhama mbele na tatizo la pili huja juu ya la kwanza. Katika gari la kuvutwa mbele lililotoa mkia kwa kuinua mguu, dawa ni kukanyaga mafuta kidogo, jambo ambalo kila hisia ya mwili hulikataa. Mafuta hayo hurudisha mzigo nyuma, na magurudumu ya mbele yaliyokingwa hulivuta gari linyooke. Katika gari la magurudumu 4, jibu hutegemea difu ya kati imefungwa namna gani, lakini kwa jumla mafuta ya wastani na thabiti ni salama kuliko kukata au kuzidisha. Breki haiguswi katika hali yoyote kati ya hizi wakati mkia ungali nje.

Baada ya hapo huja awamu ambayo huwapoteza wengi zaidi kuliko ile ya kwanza. Mkia uliokingwa hurudi, na hurudi kwa kasi, kwani springi zilizokandamizwa upande mmoja hufyatuka na tungamo la gari huzunguka kuelekea upande wa pili. Usukani ukiwa bado umepindwa kwa kukinga wakati matairi ya nyuma yanaposhika tena, gari hutupwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo usukani hauna budi kuanza kurudishwa katikati kabla gari halijanyooka, yaani mara tu mkia unapoacha kwenda nje. Mwanafunzi hulipata hili polepole. Wa kwanza kujifunza hukinga kwa kuchelewa na kwa kuzidisha, na gari lake huchora nyoka barabarani, kila mpindo mkubwa kuliko uliotangulia, hadi barabara iishe.

Mtelezo huo wa pili si wa kulaaniwa kila mara. Madereva wa Skandinavia waliufanya mbinu: kabla ya kona ya kulia gari huelekezwa kwanza kushoto, kisha hurushwa kulia ili mzigo unaorudi uusaidie mkia kuzunguka. Mbinu hiyo hutumia elimu ileile, ila kwa hiari ya dereva.

Gari likiwa limezunguka kiasi kwamba usukani wote uliopo hautoshi kuukinga mkia, kukinga hakuna maana tena. Hapo klachi na breki hukanyagwa zote mbili hadi mwisho na kushikiliwa. Magurudumu yaliyofungwa huliacha gari liteleze katika mstari unaotabirika, na klachi huizuia injini isizime au isilisukume gari upya. Mashine nyingi zimeharibika kwa sababu dereva aliachia breki katikati ya mzunguko, matairi yakashika, na gari likachomoka kuelekea kule pua ilipokuwa imeelekea kwa sadfa.

Magari mapya yana kifaa cha kielektroni kinachofanya sehemu ya kazi hii. Mfumo wa kudhibiti uthabiti, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1995, hulinganisha pembe ya usukani na mzunguko halisi wa gari. Ukigundua mkia unatoka, hufunga breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona peke yake na kuirudisha pua. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014. Gari la miaka 15 lina uwezekano mdogo wa kuwa nao kuliko gari la miaka 8, na Impreza ya miaka ya 1990 inayopendwa na wanamichezo wa ridhaa haina kabisa. Dereva aliyejifunzia gari lenye mfumo huo kisha akaketi katika gari la mbio lisilo nao hajui kwamba kuna mikono isiyoonekana iliyokuwa ikimsaidia siku zote.

Lugha ya maelekezo

Kauli maarufu ya Kiingereza humwagiza dereva apinde usukani kuingia ndani ya mtelezo. Hata wazungumzaji wa lugha hiyo hubishana juu ya maana yake, kwani haisemi ni mtelezo wa nini. Ikifasiriwa kuwa “pinda upande gari linakoteleza”, mwanafunzi aliye katika kona ya kulia ana majibu mawili ya haki: mkia umeteleza kushoto, lakini pua, ambayo ndiyo anayoiona, inakwenda kulia. Akifuata pua ataukamilisha mzunguko. Kosa hapa ni la mfasiri.

Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Kauli “kinga mkia” huitaja ncha ya gari inayohusika na humpa dereva picha ya kitu kinachomtoka ambacho anapaswa kukitangulia. Kauli “elekeza matairi ya mbele kule unakotaka kwenda” ni ndefu zaidi lakini haina tafsiri ya pili, na inafaa kwa somo la kwanza.

Lipo pendekezo jingine linalostahili kupimwa. Neno usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla halijawa la gari, na katika chombo usukani hukaa tezi, si omo. Nahodha hugeuza chombo kwa kuitoa tezi nje; kwa baharia, kile ambacho dereva anakiogopa ndicho kinachofanyika kila siku. Msamiati wa bahari basi una maneno tayari: mtu angeweza kuuita mpindo-zidi “kutoka tezi” na mpindo-pungufu “kutoka omo”. Uzuri wa pendekezo hili hauna shaka. Udhaifu wake ni kwamba neno tezi, nje ya pwani, hujulikana zaidi kama kiungo cha mwili. Mwanafunzi wa Tororo anayezungumza Kidhopadhola au Kiteso nyumbani na Kiswahili gereji atalazimika kujifunza merikebu kwanza ndipo ajifunze gari. Mkia na pua vinaeleweka kutoka Lamu hadi Kampala, na kwa sababu hiyo ndivyo vilivyochaguliwa hapa.

Kwa upande wa Uganda suala hili si la wanalugha peke yao. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mpakani lugha hiyo haikungoja idhini. Ni lugha ya soko, ya malori na ya karakana. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo, kina kitivo cha uhandisi katika eneo hilihili. Elimu ya mitambo na lugha ya wanaoitumia mitambo hiyo zimekaa jirani, na pengine bado hazijasalimiana vya kutosha.

Ndani ya gari la mbio, msoma njia anayeketi kando ya dereva hukutana na tatizo dogo la fonolojia. Kulia na kushoto huanza kwa silabi moja, ku-, na katika kelele za injini na kokoto silabi hiyo haibebi habari yoyote. Mkazo huja katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa bahati nzuri ikiwa tofauti katika kila neno, lakini robo ya sekunde imepotea. Kufupisha kuwa “lia” na “shoto” kunaondoa kasoro hiyo, mradi wote wawili wamekubaliana kabla ya kuondoka. Hata hivyo hakuna msoma njia anayeweza kumwambia dereva akinge mkia kwa wakati. Neno lolote litachelewa. Istilahi zina kazi kabla ya mbio na baada yake: uwanjani katika mazoezi, mbele ya fundi anayeelezwa gari lilivyofanya, na katika taarifa ya ajali.

Baada ya ajali

Taarifa za ajali katika vyombo vya habari vya Kiswahili zimezoea kusema kwamba gari “lilipoteza mwelekeo” na “kuacha njia”. Maneno haya huficha kile ambacho mchunguzi anahitaji kukijua. Gari la mpindo-pungufu huacha njia likitanguliza pua, kwa upande wa nje wa kona. Gari la mpindo-zidi huiacha likiwa ubavu au kinyumenyume, na likikuta mti au lori hupigwa mlangoni, mahali ambapo kati ya chuma na mwili wa mtu pana sentimita chache tu. Pua ina injini na sehemu iliyoundwa kukunjamana ili kumeza mshindo. Mlango hauna nafasi hiyo. Ajali mbili zinazoandikwa kwa sentensi moja zina sababu tofauti, majeruhi wa aina tofauti na kinga tofauti.

Alama za kutofautisha hubaki chini. Juu ya changarawe, mpindo-zidi huacha mifereji 4 badala ya 2, kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayafuati tena ya mbele. Mifereji ya nyuma huonekana upande wa nje na huzidi kutanuka kuelekea mahali gari lilipotokea. Mchoro wa nyoka unaopanuka huonyesha dereva aliyekinga na kuchelewa kurudisha usukani. Mvua moja inatosha kuifuta ithibati yote hiyo, kwa hiyo anayefika kwanza, awe askari wa usalama barabarani au msimamizi wa mbio, ndiye anayeweza kuiandika.

Fomu inayojazwa Busia upande wa Uganda na ile ya Busia upande wa Kenya zingeweza kuongezewa maswali machache yanayofanana: ni ncha ipi iliyotoka njiani kwanza, matairi ya nyuma yana kashata kiasi gani yakilinganishwa na ya mbele, gari lina mfumo wa kudhibiti uthabiti au halina, na kama unao, ulikuwa umewashwa, dereva alikuwa akikanyaga mafuta, ameachia, au amefunga breki. Maswali hayo hayahitaji mhandisi. Yanahitaji anayejibu na anayeuliza wawe na maneno mamoja, na majibu ya miaka michache kutoka pande zote mbili za lango yangewezesha kulinganisha, kwa mara ya kwanza, magari ya miaka 8 na yale ya miaka 15 juu ya barabara ileile.